Kongosho, Mimba na Jina la Ugonjwa: Historia ya Kisukari kwa Wajawazito Wenye Sistiki Faibrosisi na Funzo Lake kwa Sera za Afya ya Uzazi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia jinsi tiba ya kisasa ilivyofikia kukitambua kisukari kwa wajawazito wenye sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayoharibu mapafu na kongosho. Inachunguza mikondo miwili ya utafiti iliyokua kwa muda mrefu bila kukutana: ule wa kisukari katika ujauzito, ulioanza kuandikwa Berlin mwaka 1824, na ule wa sistiki faibrosisi, ulioanza New York mwaka 1938. Hoja kuu ni kwamba vigezo na matibabu ya kile kiitwacho kisukari cha mimba vilitungwa kwa kuwatazama wanawake ambao kongosho lao lilikuwa zima. Kuvihamishia kwa mwanamke ambaye kongosho lake limeharibika, bila kuvipima upya, kunaweza kumdhuru mama na mtoto. Sehemu ya mwisho inaihusisha historia hiyo na Afrika Mashariki, ambako maradhi ya kongosho kwa watu wembamba yaliandikwa na watafiti tangu miaka ya 1960.

1. Utangulizi

Katika kliniki nyingi za wajawazito, mwanamke anayekutwa na sukari nyingi katika damu huelezwa kwamba ana kisukari cha mimba. Huelezwa pia kwamba apunguze vyakula vya wanga na sukari, asiongezeke uzito kupita kiasi, na kwamba hali hiyo aghalabu huondoka baada ya kujifungua. Maelezo hayo ni sahihi kwa wanawake wengi. Kwa mwanamke mwenye sistiki faibrosisi, karibu kila sehemu ya maelezo hayo yahitaji kurekebishwa. Yeye huhitaji kula zaidi, wala si kupunguza. Uzito wake mdogo ndio hatari. Na sukari iliyoonekana wakati wa mimba huweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari kitakachobaki naye maisha yote.

Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: kwa nini tofauti hiyo, inayoonekana wazi leo, ilichukua zaidi ya nusu karne kuingia katika miongozo ya tiba? Jibu linalotolewa hapa lina sehemu mbili. Kwanza, wagonjwa wenyewe hawakutarajiwa kuishi hadi umri wa kuzaa. Pili, jina la ugonjwa lilitangulia uelewa wa chanzo chake, na jina likishazoeleka huongoza macho ya wanaolitumia.

2. Mkondo wa kwanza: sukari na mimba

Maelezo ya awali yanayojulikana sana kuhusu kisukari katika ujauzito yaliandikwa na Heinrich Gottlieb Bennewitz katika tasnifu yake ya udaktari huko Berlin mwaka 1824. Alimweleza mwanamke aliyepatwa na kiu isiyokatika na mkojo wenye sukari wakati wa mimba, akajifungua mtoto mkubwa mno ambaye hakuishi. Dalili zilipotoweka baada ya kujifungua, Bennewitz aliona kwamba mimba yenyewe ndiyo iliyokuwa chanzo. Wazo hilo, kwamba kisukari ni mali ya mimba, lilizaliwa mapema hivyo. Mwaka 1882 J. Matthews Duncan wa London alikusanya taarifa za mimba 22 za wanawake wenye kisukari, na vifo vya akina mama na watoto vilivyomo vilitisha kiasi cha kuwafanya madaktari wengi waione mimba kuwa hukumu kwa mwenye kisukari.

Hali ilibadilika kwa insulini. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, mgonjwa wa kwanza alidungwa dawa hiyo iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Wasichana wenye kisukari walianza kukua, kuolewa na kushika mimba. Huko Boston, Priscilla White alijenga kliniki iliyowafuatilia wanawake hao kwa karibu, na mwaka 1949 alichapisha utaratibu wa kuwagawa kwa kuzingatia umri waliougua na uharibifu wa mishipa ya damu. Jørgen Pedersen wa Copenhagen naye alieleza, katika mwaka 1952, kwa nini watoto wa akina mama hao huwa wakubwa: sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma ilhali insulini yake haipiti, kongosho la mtoto aliye tumboni hulazimika kutoa insulini nyingi, na insulini hiyo humnenepesha.

Hatua iliyojenga kigezo cha kupimia ilichukuliwa na John O'Sullivan na Claire Mahan. Mwaka 1964 walichapisha viwango vilivyotokana na vipimo vya kuvumilia glukosi vya wajawazito 752 wa Boston. Inafaa kusisitiza namna viwango hivyo vilivyohakikiwa: watafiti waliwafuatilia wanawake kwa miaka kadhaa kuona nani angepata kisukari baadaye. Kigezo hakikutokana na yaliyompata mtoto, bali na mustakabali wa mama. Ilipofika mwaka 2008, utafiti mkubwa uliojulikana kwa kifupi cha HAPO, uliohusisha wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionesha kwamba hatari kwa mtoto huongezeka polepole kadiri sukari ya mama inavyopanda, bila mpaka ulio wazi. Kutokana nao vilipatikana viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviidhinisha mwaka 2013: milimoli 5.1 kwa lita mama akiwa hajala, 10.0 baada ya saa moja, na 8.5 baada ya saa mbili za kunywa gramu 75 za glukosi.

Nchi hizo 9 zilikuwa Marekani, Kanada, Barbados, Uingereza, Israeli, Thailand, China kupitia Hong Kong, Singapore na Australia. Hapakuwa na kituo hata kimoja katika bara la Afrika. Wala wanawake wenye kongosho lililoharibika hawakuwa ndio waliolengwa. Kipimo kilichotokea ni kizuri kwa kazi kiliyotungiwa, lakini mshauri wa sera hana budi kukumbuka kilipotoka.

3. Mkondo wa pili: maradhi ya watoto wasiofika utu uzima

Mwaka 1938 Dorothy Andersen, mwanapatholojia katika hospitali ya watoto ya New York, alichapisha uchunguzi wa watoto 49 waliokuwa wakidhaniwa kufa kwa ugonjwa wa utumbo wa kushindwa kunyonya chakula. Alipochunguza miili yao aliona kongosho lililojaa vifuko na makovu. Hapo ndipo lilipotokea jina la maradhi yenyewe, ambalo lilitaja vifuko na makovu ya kongosho. Baadaye Sydney Farber alipendelea jina lililotaja ute mzito, kwa kuwa alitambua kwamba ute huo huziba mirija katika viungo vingi. Mwaka 1953 Paul di Sant'Agnese na wenzake walionesha kwamba jasho la wagonjwa lina chumvi nyingi kupita kawaida, ugunduzi uliotokana na watoto walioletwa hospitali wakiwa wameishiwa nguvu wakati wa joto kali la New York mwaka 1948. Kipimo cha jasho kilichosanifiwa na Lewis Gibson na Robert Cooke mwaka 1959 bado ni msingi wa utambuzi hadi leo. Mwaka 1989 timu za Lap-Chee Tsui, John Riordan na Francis Collins zilitangaza kuipata jeni husika katika kromosomu ya 7.

Katika historia hiyo kuna jambo la kushangaza. Maradhi yalipewa jina kutokana na kongosho, kiungo kinachotoa insulini, lakini kwa miongo kadhaa kisukari hakikuwa sehemu kubwa ya mjadala. Sababu ni ya kusikitisha: watoto walikufa mapema mno. Uharibifu huanzia kwenye mirija inayopeleka vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Mirija hiyo huziba, nyama ya kongosho huliwa na vimeng'enya vyake yenyewe, na nafasi yake huchukuliwa na makovu na mafuta. Visiwa vya seli zinazotoa insulini hubaki kwa muda, kisha navyo hupungua. Kazi hiyo huchukua miaka. Mtoto aliyefariki akiwa na umri wa miaka mitatu hakupata nafasi ya kuugua kisukari.

Kadiri viuavijasumu, vimeng'enya vya kumeza na tiba ya lishe vilivyorefusha maisha, kisukari kilijitokeza. Takwimu za Minnesota zilizochapishwa mwaka 2009 zilionesha kwamba kilikuwapo kwa takriban asilimia 2 ya watoto wenye sistiki faibrosisi, asilimia 19 ya vijana waliobalehe, na asilimia 40 hadi 50 ya watu wazima. Kisukari hiki si kile cha watoto ambacho kinga ya mwili hushambulia kongosho, wala si kile cha watu wazima kinachofungamana na unene. Ni upungufu wa insulini unaokuja taratibu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula huweza kuwa ya kawaida kabisa, ilhali ile ya baada ya kula imepanda sana. Kipimo cha hemoglobini yenye sukari, kinachotegemewa kwingineko, nacho huweza kuonesha afya mahali penye ugonjwa.

Uzito wa jambo hili kwa wanawake ulidhihirika katika uchunguzi mwingine wa Minnesota uliochapishwa mwaka 2005. Wanawake wenye sistiki faibrosisi na kisukari walikuwa na umri wa wastani wa kuishi wa takriban miaka 31, ilhali wanaume wenye hali hiyohiyo walifikia takriban miaka 47. Miaka minne baadaye, baada ya wagonjwa kupimwa kila mwaka na kuanzishiwa insulini mapema, watafiti wa kituo hichohicho waliandika kwamba tofauti hiyo ya jinsia ilikuwa imetoweka. Ni nadra historia ya tiba kutoa ushahidi ulio wazi hivi wa thamani ya kupima mapema.

4. Mikondo inapokutana

Taarifa ya kwanza ya mwanamke mwenye sistiki faibrosisi aliyejifungua ilichapishwa Marekani mwaka 1960. Mama huyo alifariki wiki chache baada ya uzazi. Kisa hicho kimoja kilikuwa na athari kubwa, kwa sababu hapakuwa na vingine vya kukilinganisha navyo, na kwa miaka mingi ushauri uliotolewa kwa wanawake hawa ulikuwa wa kuwakataza kuzaa. Mwaka 1980 Lawrence Cohen, di Sant'Agnese na mwenzao walichapisha uchunguzi wa kitaifa uliokusanya mimba 129, na picha ikaanza kuwa pana: hatari ilitegemea sana hali ya mapafu na lishe ya mama kabla ya mimba. Mwaka 2003 Christopher Goss na wenzake waliwalinganisha wanawake 680 walioshika mimba kati ya mwaka 1985 na 1997 na wenzao wasioshika mimba, wakahitimisha kwamba mimba yenyewe haikuonekana kufupisha maisha, hata kwa wale waliokuwa na kisukari. Katazo la miaka ya 1960 halikuwa na msingi tena.

Hata hivyo, kutofupisha maisha si sawa na kutokuwa na hatari. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 kuhusu wajawazito 216 ulionesha kwamba waliokuwa wakitibiwa kisukari walikuwa karibu mmoja kati ya kumi kabla ya mimba, wakafika karibu mmoja kati ya watano wakati wa mimba. Baada ya mimba idadi ilishuka, lakini haikurudi ilikoanzia. Sehemu ya wanawake hao, kwa hiyo, waliingia katika ujauzito bila tiba ya kisukari wakatoka nayo.

Sababu yake inaeleweka tukikumbuka kazi ya kondo la nyuma. Kuanzia katikati ya ujauzito, homoni zake huufanya mwili wa mama uwe mgumu kuitikia insulini, ili sukari ibaki katika damu kwa ajili ya mtoto. Mwanamke mwenye kongosho zima hujibu kwa kutoa insulini maradufu au zaidi. Mwenye sistiki faibrosisi hana akiba hiyo. Mimba haimletei ugonjwa mpya, bali hufichua upungufu uliokuwapo tayari. Tena anaingia katika hali hiyo akiwa na mahitaji makubwa ya chakula, kwa kuwa anapumua kwa nguvu, anapigana na vijidudu vya mapafu, na hanyonyi mafuta vizuri. Insulini kwake si ya kushusha sukari tu. Ni homoni ya kujenga mwili. Ikikosekana, misuli hupungua, uzito hushuka na mapafu hudhoofika, ilhali uzito mdogo wa mama na udhaifu wa mapafu huandamana na watoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapogeuka kuwa hatari. Mwanamke huyu akiambiwa apunguze chakula ili sukari ishuke, kipimo kitapendeza na mwili utakonda. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2010 na wataalamu wa sistiki faibrosisi pamoja na chama cha kisukari cha nchi hiyo ilisema waziwazi kwamba wagonjwa hawa wasipunguziwe nishati ya chakula na kwamba tiba yao ni insulini. Kwa wajawazito wasiojulikana kuwa na kisukari, ilielekeza wapimwe kwa glukosi mara mbili, kati ya wiki ya 12 na 16, kisha kati ya wiki ya 24 na 28, halafu tena wiki 6 hadi 12 baada ya mimba kumalizika. Kipimo hicho cha mapema ndicho kinachotenganisha utaratibu huu na ule wa wajawazito wengine, ambao kwa kawaida husubiri wiki ya 24.

Hata miongozo hiyo iliazima viwango vya sukari vilivyotokana na utafiti wa HAPO, yaani kwa wanawake wa aina nyingine. Uazimaji huo ulieleweka, kwa kuwa hapakuwa na wajawazito wa kutosha wenye sistiki faibrosisi wa kutungia viwango vyao wenyewe. Hali hiyo inabadilika kwa kasi. Dawa ya mchanganyiko wa viambato vitatu inayorekebisha kazi ya protini yenye kasoro iliidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2019. Miongoni mwa matokeo yake ni kulainika kwa ute wa mlango wa kizazi uliokuwa ukizuia mimba, na mwaka 2020 mimba zilizoandikishwa nchini humo zilikuwa takriban maradufu ya zile za mwaka uliotangulia, zikizidi 600. Swali lililokuwa la wanawake wachache sasa ni la kizazi kizima.

5. Historia hii na Afrika Mashariki

Msomaji wa ukanda wetu aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini, ikiwa sistiki faibrosisi hujulikana kama maradhi ya watu wenye asili ya Ulaya? Kuna majibu mawili.

La kwanza linahusu maradhi yenyewe. Watafiti wa Afrika Kusini walionesha katika miaka ya 1990 kwamba kasoro moja ya jeni hiyo, inayoandikwa 3120+1G→A, imo miongoni mwa Waafrika weusi, na inapatikana pia kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Maradhi, basi, yamo barani. Mahali ambapo kipimo cha jasho hakipatikani, mtoto anayekohoa daima na asiyenenepa huweza kuhesabiwa miongoni mwa wenye kifua kikuu au utapiamlo, na kutokuwapo kwa takwimu kukachukuliwa kuwa ni kutokuwapo kwa wagonjwa. Andersen mwenyewe aliwakuta watoto wake 49 ndani ya ugonjwa mwingine uliokwisha kupewa jina.

La pili ni pana zaidi. Kongosho huharibika kwa njia nyingi. Mwaka 1960, akiwa Kampala, A. G. Shaper aliandika juu ya wagonjwa wa Uganda waliokuwa na maradhi sugu ya kongosho, akayahusisha na upungufu wa protini. Mwaka 1964 alirudia mada hiyo akieleza makovu na mawe ya chokaa katika kongosho. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake kundi la kisukari kinachohusiana na utapiamlo. Mwaka 1999 kundi hilo liliondolewa kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitangaza kulitambua upya, kwa jina la kisukari cha aina ya 5. Kwa zaidi ya miaka 25, mwanamke mwembamba mwenye upungufu wa insulini usiotokana na kinga ya mwili hakuwa na mahali pake katika orodha. Akipata mimba, angepewa jina lile lile la kisukari cha mimba na ushauri ule ule wa kupunguza chakula.

Hatudai kwamba hali yake ni sawa na ya mwenye sistiki faibrosisi. Vyanzo ni tofauti, na ushahidi wa tiba hauwezi kuhamishwa moja kwa moja. Tunachodai ni kwamba sistiki faibrosisi ni mfano uliochunguzwa vizuri zaidi wa mimba katika mwili wenye kongosho lililopungukiwa, na mfano huo unatosha kutia shaka kanuni ya kumpa kila mjamzito mwenye sukari ushauri mmoja.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika Kiswahili, kihusishi cha -a hubeba uhusiano wa umiliki au asili. Tusemapo kisukari cha mimba, msikilizaji huelewa kwamba mimba ndiyo mama wa ugonjwa, na kwamba ikiisha, ugonjwa nao umekwisha. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani hutenganisha kisukari cha mimba na kisukari kamili kilichogunduliwa wakati wa mimba. Tafsiri zetu za miongozo zifuate utengano huo kwa uthabiti: kisukari cha mimba kwa kile cha kwanza, na kisukari kilichobainika katika ujauzito kwa kile cha pili. Mama aliyeelezwa kwa istilahi hiyo ya pili ana sababu ya kurudi kupimwa mtoto akiwa na wiki sita. Aliyeelezwa kwa ile ya kwanza naye anahitaji kupimwa, lakini jina lenyewe halimkumbushi.

6. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba kila mkondo ulikuwa sahihi ndani ya mipaka yake. Wakunga na madaktari wa uzazi walitunga kipimo kilichowafaa wanawake waliokuwa mbele yao, na madaktari wa watoto waliutibu ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto kabla ya kuwa watu wazima. Kosa lilitokea pale wanawake walipoishi, wakakuta kwamba hakuna upande uliowatarajia.

Kwa washauri wa sera wa ukanda wetu, mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, miongozo ya ujauzito imtake mhudumu aangalie uzito wa mama na historia ya kifua na tumbo kabla ya kushauri apunguze chakula. Pili, kwa mjamzito mwembamba au mwenye dalili za maradhi ya kongosho, kipimo kifanyike mapema na kihusishe sukari baada ya kunywa glukosi, wala si ile ya kabla ya kula pekee. Tatu, upimaji wa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua uunganishwe na ziara za chanjo ya mtoto, ambazo akina mama huzihudhuria tayari. Nne, hospitali za rufaa zianzishe uwezo wa kupima jasho, hata kwa kiwango kidogo. Bila kipimo hicho hatutajua ni wanawake wangapi wa kwetu wamekwisha kupita katika kliniki za wajawazito wakiwa na maradhi haya, wakaandikwa kwa jina jingine.